Poda Hairudi Koponi

Mudogo wangu Muhindo,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Kavira ninayelala naye kitanda kimoja. Nina hasira. Hapa nyumbani na shuleni wote wananijua mimi, Masika, kama msichana mpole, anayejibu kwa sauti ya chini, anayekumbatia vitabu kifuani kama mtu anayejikinga na baridi. Mama huwaambia wageni, "Huyu hana maneno." Ni kweli, mdomoni sina. Lakini tangu siku ile ya proclamation, matokeo ya shule yaliposomwa, ninaamka na hasira na kulala nayo, na nimegundua kwamba hasira ya mtu mpole haiishi upesi kama ya watu wanaopiga kelele. Haina mlango wa kutokea. Leo nimeifungulia huu.

Barua hii ni yako, lakini wengine wataisoma kabla yako. Nimeomba nafasi kwenye ubao wa maktaba ya parokia, pale panapobandikwa ratiba ya misa na majina ya wanaotaka kufunga ndoa. Jumapili nilipokuuliza kwenye simu kama unakubali niandike habari zako, ulicheka ukasema, "Andika, yaya. Lakini uandike pia ya kuwa miye njo mwenye mbio kupita batoto bote ba avenue." Haya, nimeandika, mimi yaya yako, dada yako mkubwa. Sasa niache niseme na mengine.

Asubuhi ile ya proclamation ukungu ulikuwa bado umeukalia mji, na Mama hakwenda sokoni. Aliacha magunia yake ya viazi vya Lubero yamefungwa, akavaa kikwembe kipya, akakuchana nywele mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ulikimbia katikati. Wewe ndiwe uliyeshika kopo la poda. Matokeo yangu yalikuwa yamesomwa siku iliyotangulia, na ulikuwa umenimwagia poda hiyo mpaka nikapiga chafya njia nzima. Watu wa mbali wanaweza kushangaa, lakini kwetu Butembo ndivyo furaha ya shule inavyoonekana: anayefaulu anamwagiwa poda kichwani, na siku hiyo ukisimama barabarani unawajua waliopita na wasiopita kwa rangi ya vichwa vyao. Njiani ulilitikisa kopo sikioni. "Yaya, ingali nusu. Itanitosha?"

Nikakujibu itakutosha.

Uwanja ulijaa wazazi. Mwalimu wako alipanda kwenye ngazi ya darasa na karatasi mkononi, akaanza kusoma kutoka wa kwanza kwenda wa mwisho. Nawe unajua jinsi majina yetu yalivyo. Mimi ni Masika kwa sababu nilitangulia, Kavira akanifuata, na wewe ni Muhindo kwa sababu baada ya wasichana alikuja mvulana, ukaigeuza nyumba. Kila nyumba iliyogeuzwa hivyo ina Muhindo wake, na darasa lenu lina akina Muhindo wengi kuliko madirisha. Ndiyo maana mwalimu husoma jina la kwanza, huvuta pumzi, kisha husoma la pili. Watoto wengine husubiri la pili. Wewe hujawahi kusubiri la pili la kitu chochote.

"Muhindo..." mwalimu akasema, na wewe ukawa umeshatoka kama jiwe la manati.

Mama alikukimbilia nyuma. Sijawahi kumwona Mama akikimbia namna ile, mkono mmoja ukishika kikwembe, mwingine ukishika kopo alilokunyang'anya. Alipiga vigelegele. Alikumiminia kichwani, shingoni, ndani ya masikio. Ukawa mweupe kama mtu aliyetoka kinuni mwa muhogo, na ulikuwa unaruka huku ukipiga kelele, "Maman, nimepita! Nimepita!"

Kisha mwalimu akamaliza jina. La pili halikuwa lako. Muhindo mwingine alikuwa amesimama nyuma yako, mkono ameunyoosha kupokea karatasi yake, hajui acheke au arudi kwa mama yake.

"Siyo weye," mwalimu akasema. "Rudia nyuma. Hata jina yako hauwezi kuingojea?"

Sauti moja ikatoka kwenye ukuta walikokaa wakubwa wa mwaka wa sita: "Moteur! Coupe contact!" Ndipo uwanja mzima ukacheka, kwa sababu wote walilijua jina lako la utani. Moteur, injini, mtoto asiyezimika, na sasa unaambiwa uzime. Mama alishika ncha ya kikwembe chake kipya akajaribu kukufuta, na kadiri alivyofuta ndivyo weupe ulivyoenea. Poda hairudi koponi.

Ulisimama pale mpaka mwisho. Kila jina lilipoanza na "Mu" niliona mguu wako ukisogea, kisha likawa Mumbere, au likawa Muhindo wa watu wengine, na mguu ukarudi. Jina lako halikuja. Mwalimu akakunja karatasi, akawaambia wazazi, macho yakiwa kwako, "Ba parents, kama mutoto iko na kichwa ya mbao, musilete kwa mwalimu. Mutafute seremala." Wakacheka tena. Ni mzaha mzuri, mtu akisahau kwamba unamhusu mtoto aliyesimama hapo.

Lakini si hilo linaloniamsha. Linaloniamsha ni njia ya kurudi. Waliokuona barabarani hawakuwa uwanjani. Waliona kichwa cheupe tu. Mwenye duka la simu akatoka mlangoni akakupongeza, "Félicitations, petit!" Vijana wa moto, zile pikipiki za abiria, walipiga honi. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi alikupungia mkono. Na wewe ukamjibu kila mmoja kwa adabu: "Merci, papa." "Merci, maman." Hukumwambia hata mmoja kwamba amekosea. Nilikuwa nyuma yako, nikiona shingo yako nyeupe na kola iliyochafuka.

Nataka wanaosoma hapa ubaoni wakujue kabla hawajacheka nao.

Unakumbuka siku ile Mama alipokutuma ukachote maji, ukamfunge mbuzi, na ukirudi upitie kwa jirani kuomba kisu? Ulirudi bila maji. Mbuzi alikuwa katikati ya maharage ya watu. Lakini kisu ulikuwa nacho, umekishika kwa mikono miwili, unatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. Mama akapiga makofi kwa uchungu: "Weye masikio yako iko ya pambo?" Ukachapwa. Mimi nilikuwa nikichambua viazi, na nikajiuliza kwa nini umekumbuka kile cha mwisho tu. Kesho yake nilijaribu. Nikakwambia jambo moja, ukaenda, ukarudi. Nikakwambia la pili, ukaenda, ukarudi. Siku nzima hukukosea hata kidogo.

Masikio yako si ya pambo. Unasikia pikipiki ya Baba ikiwa bado kilima cha pili. Shida ni kwamba kwako vyote vinaingia kwa pamoja: mvua kwenye mabati, redio ya jirani, mwenzako anayechonga kalamu, sauti ya mwalimu. Kwetu sisi wengine kuna kama mlinzi mlangoni anayeziambia sauti nyingine zingoje. Kwako mlinzi huyo anasinzia. Kwa hiyo unageuka huku, unageuka kule, miguu inapiga benchi, na mwalimu anasema unamdharau.

Na herufi. Ulikuwa ukiniambia, "Yaya, mistari inacheza," nami nilidhani ni kisingizio, mpaka siku nilipokaa karibu nawe nikaona jasho kwenye pua yako kwa sababu ya sentensi moja. Ukurasa uliojaa maneno ulikuwa kwako kama soko la Jumamosi, kila mtu anakuita. Basi nikachukua carton ya sabuni, nikaikata kwa wembe, nikatoboa katikati uwazi mwembamba wa kutosha mstari mmoja. Pembeni nikachora b kama baba mwenye kitambi mbele, na d kama dada aliyebeba mtoto mgongoni, kwa sababu hizo mbili ulizichanganya kila siku. Ulicheka ukasema kitambi ni cha Baba kabisa. Ukaweka karatasi ile juu ya kitabu, ukasoma huku umesimama, huku unaizunguka meza, mstari baada ya mstari, mpaka ukurasa ukaisha. Ukaniangalia. "Yaya, leo imetulia."

Wewe mwenyewe uliipa jina: dirisha.

Ndiyo maana ulienda nalo kwenye mtihani. Hukulificha. Uliliweka juu ya meza kama wengine wanavyoweka rula. Mwalimu akalichukua, akaligeuza, akaona zile herufi zangu. Ulinisimulia mwenyewe.

"Hii ni nini?"

"Ni dirisha, mwalimu."

"Dirisha ya kutorokea? Umekuya nayo juu ya kukopia?"

Darasa likacheka. Dirisha likaenda ofisini kwa mkuu wa shule, na karatasi yako ikaandikwa zero kwa wino mwekundu kabla hujaandika jina lako. Kwa muda niliamini kwamba mimi ndiye niliyekuangusha, maana wembe ulikuwa mkononi mwangu. Sasa naikataa fikra hiyo. Kosa haliko kwa aliyekata wala kwa aliyetumia. Liko kwa mtu mzima aliyeona mtoto amepata njia ya kusoma, akaifunga.

Niwaulize wasomaji wa ubao huu jambo moja. Mimi navaa miwani. Nilipokuwa mdogo katika shule hiyohiyo, sikuona ubao. Nilinakili ng'ombe nikaandika ngome. Je, kuna aliyesema nina kichwa cha mbao? Baba alinipeleka hospitali, wakaniwekea vioo viwili usoni, mwalimu akanihamishia benchi ya mbele, nikawa wa kwanza. Wazazi walewale, mwalimu huyohuyo. Kila mtihani ninaingia na vioo vyangu na hakuna anayesema ninakopia. Basi mnieleze: kwa nini madirisha yangu mawili ni dawa, na moja la mdogo wangu ni wizi?

Jibu ninalo. Macho yanaonekana. Kinachokusumbua wewe hakionekani, na watu wakikosa kuona kitu wanakijaza majina. Mvivu. Mtundu. Mtoto aliyefungwa na pepo. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alikuja na wenzake, wakakuwekea mikono kichwani, wakaomba kwa nguvu mpaka jasho likawatoka, kisha wakakuambia usimame bila kutikisika ili ionekane kwamba pepo ametoka. Ulisimama vizuri. Nilikuona umebana hata pumzi. Kisha nzi akapita, ukamfuata kwa macho. "Ona!" mama yule akamwambia Mama. "Ingali mule!" Namwamini Mungu, na asubuhi ninapiga magoti kama wengine. Lakini siamini kwamba Mungu anahesabu kumtazama nzi kuwa dhambi.

Baada ya hapo nilianza kutafuta vitabuni, kwa sababu ndiyo kazi pekee ninayoiweza. Hapa maktaba kuna kitabu cha Kifaransa kilichoandikwa kwa ajili ya walimu. Kimepoteza jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo hata jina lake silijui. Kinaeleza kwamba wapo watoto ambao akili yao inapokea mambo kwa njia nyingine. Wengine hawawezi kushika maagizo mengi kwa pamoja. Wengine, herufi na sauti yake hupita njia ndefu kabla ya kukutana, hivyo kusoma kunawachosha kama kupanda mlima. Wengine, mwili lazima utembee ndipo akili itulie. Kinasema si wavivu, na wazazi wao hawakukosa kitu. Kinasema wapewe jambo moja moja, wapewe muda, waruhusiwe kusimama, waulizwe kwa mdomo. Nilikisoma wima, kati ya makabati, na nilipofika hapo nililazimika kuvua miwani kuifuta. Kila sentensi ilikuwa na wewe ndani yake. Nikakitazama kitabu kwa juu: kilikuwa na vumbi zito la miaka. Kutoka shule yenu mpaka hapa mtu anashuka kilima kimoja tu. Vumbi lile lilinikasirisha kuliko zero.

Wala siandiki ili kudai kwamba wewe ni genius. Kuna watu wakisikia habari kama hizi wanataka mwishoni mtoto awe amegundua ndege. Hapana. Unapiga hesabu za kawaida, unachora vibaya, nyimbo za misa unazikosea maneno. Wewe ni mtoto tu. Na mtoto tu anastahili benchi. Asilazimishwe kuwa wa ajabu ndipo avumiliwe kuwa tofauti.

Baba hakukuchapa siku ile ya matokeo. Alisema tu, "Shule imemukataa. Kakao haikatae mutu." Siku chache baadaye ukapanda gari la Beni, ukakaa kati ya magunia, kwenda kwenye shamba la kakao la Baba Mdogo huko Mulekera. Nyuma ya sikio lako la kushoto palikuwa bado na alama nyeupe, maana masikio huyaoshi. Nilitaka kukufuta. Gari likaondoka.

Mwanzoni simu zako zilikuwa za furaha. Ulisema kakao ikianza kuchacha inanuka kama pombe na inawasha vidole. Ulifurahi kuiponyoka imla: "Hapa hakuna dictée, yaya." Kisha ukaniuliza wenzako wamefika somo gani, wakati ilikuwa likizo na hakuna aliyekuwa akisoma. Nikajua.

Sisi watu wa huku tunajua maana ya kumpeleka mtoto kwenye mashamba ya upande ule. Watu wazima wanatoka asubuhi wakiagana na watu wa nyumbani kama wanaokwenda safari ya mbali, kwa sababu wenye bunduki huwavamia watu mashambani. Hakuna haja ya mimi kueleza zaidi. Jumapili ileile uliyoniruhusu kuandika, uliniambia kwamba mlikuwa shambani, mtu akasema amesikia risasi, watu wote wakaacha mapanga yao wakakimbia mpaka barabarani. "Na unajua, yaya? Miye njo nilifika wa kwanza! Hata Baba Mdogo nilimupita!"

Ulijivuna. Nikacheka ili usisikie kitu kwenye sauti yangu. Simu ilipokatika nilikaa juu ya gunia la viazi.

Shule haikuweza kuivumilia miguu yako ikicheza chini ya benchi. Ikakutoa ndani ya ukuta na bati na bendera, na sasa uko mahali ambapo miguu hiyohiyo ndiyo kinga pekee uliyo nayo. Wakubwa wetu wanasema kila siku kwamba vita vinawaharibia watoto masomo. Ni kweli. Lakini wewe hukutolewa darasani na mtu mwenye bunduki, Muhindo. Ulitolewa na mtu mwenye kalamu nyekundu, mji ukiwa na amani, jua likiwaka, wazazi wakicheka.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Sasa nitakueleza nilichofanya nayo, na nitaandika unavyopenda: jambo moja, kisha lingine.

Jumanne nilikwenda kwa mkuu wa shule yenu.

Sikumwambia mtu. Nilipita mara kadhaa mbele ya lango kabla ya kuingia. Alikuwa ofisini, akipanga chaki kwenye boksi.

"Ah, Masika!" akasema. "Mutoto wetu wa zamani. Karibu. Baba anaendelea?"

Nikasema anaendelea. Maneno mengine yote niliyokuwa nimeyapanga yakapotea. Akasema kwa upole, "Kama ni mambo ya mudogo wako, ile tulishaifunga."

Nikavua miwani yangu, nikaiweka mezani mbele yake.

"Monsieur le Directeur, na hii ni ya kukopia?"

"Masika. Lunettes ni lunettes."

"Basi muibakize hapa, munipatie dictée."

Bila miwani uso wake ulikuwa ukungu mtupu, na hilo lilinisaidia, kwa sababu sikuona kama anakasirika. Nikaongea. Nilimweleza habari za maji na mbuzi na kisu. Nilimweleza mistari inayocheza. Nilimwambia yaliyo kitabuni, na mahali kitabu kilipo. Nilimwomba ufanye repêchage, ule mtihani wa marudio wa kabla ya shule kufunguliwa, ukiwa na dirisha lako, na maswali mengine uulizwe kwa mdomo, na uruhusiwe kusimama. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu mzima.

"Na bale bengine?" akauliza. "Darasa moja iko na batoto sawa soko. Kila mutu akuye na dirisha yake?"

"Ndiyo, Directeur. Carton za sabuni hazikosekane."

Akacheka, nafikiri bila kutaka. Nikasikia droo ikifunguka. Kitu chepesi kikawekwa karibu na mkono wangu. Nikavaa miwani, nikaliona dirisha lako, limekunjika kwenye pembe moja.

"Huyu wa tumbo ni nani? Ni baba yenu?"

"Ni b, Directeur."

Akaligeuzageuza. Kisha akasema, "Repêchage ni Jumatatu inayokuya. Alete kichwa yake. Nitamuuliza miye mwenyewe. Lakini sijasema atapita."

"Hatujaomba apite," nikasema. "Tumeomba aulizwe."

Nilitoka nikasahau kuaga. Nikarudi, nikaaga.

Nilimwambia Baba jioni, alipokuwa akikaza mnyororo wa pikipiki. Hakunikatiza. Nilipomaliza alishika kitambaa akajifuta grisi kidole kwa kidole. "Ulisema ile maneno ku Directeur? Weye, Masika?" Akatoka uani. Nikasikia anampigia Baba Mdogo, na nikasikia jina lako likitajwa, la kwanza na la pili.

Kesho Baba anapanda gari la alfajiri kuja kukuchukua. Niliomba kwenda naye. Amekataa kwa sababu ya barabara. Kwa hiyo, mpaka umwone anateremka: ukisikia watu wanakimbia, wewe kimbia kuwapita wote. Ukishafika nyumbani unaweza kutembea.

Mama ameniuliza kopo la poda liko wapi. Nimemwambia ninalo mimi, na sitalitoa mpaka jina la pili lisomwe.

Leo asubuhi nimefua shati lako jeupe la shule. Kola ilikuwa bado na poda kwenye mshono, nikaisugua kwa mswaki. Nimeshona kifungo cha juu kilichokosekana. Shati limekauka juu ya ua, nimelipiga pasi, nimelikunja kwenye mfuko wa Baba pamoja na suruali ya bluu. Dirisha nimelinyoosha ile pembe chini ya kitabu kizito, nimelitia kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto.

Yaya yako